Ayubu 42:6: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha kitabu cha Ayubu kwa miaka kadhaa kwenye vikundi vya kujifunza Biblia, na kila tukifika sura ya mwisho mikono huinuliwa kwenye mstari uleule. Maswali haya ni yale yanayojirudia. Nimejibu kwa urefu pale ambapo Kiebrania kina mengi ya kusema, na kwa ufupi pale ambapo hakina. Niseme mapema kwamba jambo hili linanigusa: nimeona mstari huu ukitumika kuwanyamazisha watu waliofiwa, na ninaamini kabisa kwamba haukuandikwa kwa kazi hiyo.

Mstari wenyewe unasemaje?

Katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, unasomeka: "Kwa sababu hiyo najichukia nafsi yangu, na kutubu katika mavumbi na majivu." Kiebrania chake ni maneno saba tu: *al ken em'as wenihamti al afar wa'efer*.

Angalia mahali ulipo. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sura mbili za kwanza ni masimulizi ya kawaida. Kuanzia sura ya 3 ni ushairi karibu mtupu, na ushairi huo unakoma hapa, kwenye 42:6. Kuanzia 42:7 masimulizi yanarudi. Kwa hiyo hii ndiyo tamati ya shairi lote, na ndiyo kauli ya mwisho ya Ayubu. Baada ya hapo anaomba dua, anakula na ndugu zake, anapata watoto, anazeeka na kufa, lakini mwandishi hatupi tena neno hata moja kutoka kinywani mwake.

Mbona maana iko wazi? Ayubu alikosea, akatubu. Tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye mstari unaofuata. Mungu anamgeukia Elifazi Mtemani na kumwambia hasira zake zinawaka juu yake na rafiki zake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Analirudia tena katika 42:8, mtu asije akadhani amesikia vibaya.

Sasa kumbuka marafiki hao walikuwa wakisema nini muda wote. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuwa na hoja moja waliyoivalisha nguo mbalimbali: Mungu ni wa haki, haki ni mwema kutuzwa na mwovu kuadhibiwa, wewe unateseka, basi umetenda dhambi; tubu, utarudishiwa mali yako. Bildadi alithubutu kumwambia baba aliyetoka kuzika watoto kumi kwamba huenda watoto hao walivuna makosa yao wenyewe (8:4). Ayubu alikataa kata kata. Katika sura ya 27 aliapa kwamba hatauacha unyofu wake hadi kufa.

Kama 42:6 ni Ayubu kukiri dhambi zilizomletea mateso, basi marafiki walikuwa sahihi tangu mwanzo na ushauri wao umefanya kazi. Lakini Mungu anasema hawakuwa sahihi. Anamwagiza Elifazi apeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba kwa Ayubu, na Ayubu ndiye awaombee. Waliotakiwa kutubu ni wao.

Kuna jambo jingine la mwanzoni ambalo wengi hulipita. Katika 2:3, kwenye kikao cha mbinguni, Mungu mwenyewe anakiri mbele ya mshitaki, yaani Shetani, kwamba Ayubu ameangamizwa "pasipokuwa na sababu". Neno la Kiebrania ni *hinnam*, yaani bure, bila kisa. Katika 9:17 Ayubu, ambaye hakuwako kwenye kile kikao cha mbinguni, analalamika kwamba Mungu anamwongezea majeraha *hinnam*. Neno ni lilelile. Lalamiko ambalo marafiki walilihesabu kuwa kufuru lilikuwa kweli neno kwa neno, na msomaji alishalisikia kutoka kwa Mungu. Hapo ndipo ninapoelewa "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu".

Neno "najichukia" limetoka wapi?

*Em'as* ni kitenzi cha kukataa, kudharau, kutupilia mbali. Kwa kawaida huwa na yambwa: unakataa kitu fulani. Hapa hakina. Kiebrania kinasema "nakataa", kikanyamaza. "Nafsi yangu" imeongezwa na wafasiri ili sentensi isimame, kama ilivyofanya tafsiri ya kale ya Kigiriki, na baada yake ile ya Kilatini.

Je, tunaweza kukisia anakataa nini? Ndani ya kitabu hichohicho kitenzi hiki kinatokea mara kadhaa kinywani mwa Ayubu. Katika 7:16 anakitumia pia bila yambwa, akisema hataki kuishi milele. Katika 9:21 umbo lilelile, *em'as*, lina yambwa ya "uhai wangu". Na katika 31:13, ndani ya kile kiapo chake kirefu, anasema: kama niliikataa, *em'as*, daawa ya mtumwa wangu au mjakazi wangu waliponishitaki. Yambwa hapo ni *mishpat*, yaani shauri la mahakamani, haki ya mtu ya kusikilizwa.

Mimi huegemea mfano huo wa tatu. Sura nyingi za Ayubu zimejaa lugha ya mahakama. Anataka mwamuzi wa kusimama kati yake na Mungu (9:33). Amepanga hoja zake tayari (13:18). Anataka hati ya mashtaka iliyoandikwa na mshitaki wake, aibebe begani (31:35). Kisha Mungu anatokea kweli, na anamuuliza: je, utaitangua *mishpat* yangu (40:8)? Mtu aliyefungua kesi sura baada ya sura anaposema "nakataa" mbele ya yule aliyemshitaki, bila kusema anakataa nini, sikio linasikia: naiondoa kesi.

Kuondoa kesi si kukiri kosa. Kila aliyewahi kufika mahakamani anajua hilo.

Na "kutubu"?

Hapa ndipo penye utamu, nami huwaomba wanafunzi wafungue Biblia yao ya Kiswahili wenyewe.

Kitenzi ni *niham*, shina n-h-m. Si *shuv*, ambalo ndilo neno ambalo manabii hulitumia zaidi wanapomwambia mwenye dhambi arudi. *Niham* lina maana mbili kubwa: kubadili nia, na kufarijika. Maana zote mbili hubeba wazo la moyo kugeuka hali.

Linapofuatwa na kihusishi *al*, kama hapa, maana ya kwanza inakuwa kubadili nia juu ya jambo fulani. Katika Kutoka 32:14, baada ya Musa kuwaombea watu waliotengeneza ndama ya dhahabu, Mungu ana-*niham al* ule ubaya aliokusudia. Katika Yona 3:10, baada ya Ninawi kufunga na kuvaa magunia, ni vivyo hivyo. Wafasiri wa Biblia ya 1952 walitumia neno gani huko? Waliandika kwamba Mungu *akaghairi*. Neno zuri, na sahihi kabisa. Lakini kitenzi hichohicho na kihusishi hichohicho vilipofika kwa Ayubu wakaandika "kutubu". Hakuna kitu katika sarufi kinacholazimisha tofauti hiyo. Kilicholazimisha ni dhana kwamba Mungu hughairi na mwanadamu hutubu.

Maana ya pili, kufarijika, nayo ina *al* yake: katika 2 Samweli 13:39 Daudi amefarijika juu ya Amnoni, kwa kuwa amekwisha kufa. Na ndani ya Ayubu shina hili ni uzi uliopita kitabu kizima. Marafiki watatu walikuja ili *kumfariji* (2:11). Ayubu alitumaini kitanda chake *kitamfariji* (7:13), kikamletea ndoto za kutisha. Akawaambia marafiki, "ninyi nyote ni *wafariji* wenye kutaabisha" (16:2). Akawauliza wanamfarijije kwa maneno ya ubatili (21:34). Akakumbuka enzi zake alipokuwa yeye ndiye *mwenye kuwafariji* waombolezao (29:25). Mara zote ni n-h-m. Baada ya mstari wetu, katika 42:11, ndugu zake na dada zake wanakuja *kumfariji*. Msikilizaji wa Kiebrania aliyefuata neno hili tangu sura ya 2 akilisikia kwenye kauli ya mwisho ya Ayubu, hawezi kuisahau faraja.

Ukitaka kulikumbuka shina hili, kumbuka jina Nehemia: Bwana amefariji.

"Katika mavumbi na majivu" ni pale alipokuwa ameketi, si ndiyo?

Inawezekana. Katika 2:8 ameketi majivuni akijikuna kwa kigae, na hatujaambiwa kwamba alihama. *Al* huweza kuwa "juu ya" ya mahali.

Lakini neno pacha *afar wa'efer*, vumbi na majivu pamoja, linapatikana mara tatu tu katika Biblia yote ya Kiebrania, na zile mbili nyingine hazisemi lolote kuhusu mahali pa kuketi. Zinaeleza mtu ni nini. Moja ni Ayubu 30:19: Mungu amemtupa matopeni, naye amekuwa kama mavumbi na majivu. Nyingine ni Mwanzo 18:27, pale Abrahamu anapomwombea Sodoma: anasema amethubutu kusema na Bwana, naye ni mavumbi na majivu tu.

Mfano wa Abrahamu ndio unaonishika. Mistari miwili kabla ya hapo ametoka kumuuliza Mungu: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Na baada ya kujiita mavumbi na majivu hakunyamaza. Aliendelea kupunguza idadi, kutoka hamsini hadi kumi. Katika midomo ya Abrahamu, "mavumbi na majivu" ni cheo cha kiumbe anayejua udogo wake na bado anahoji haki mbele za Mungu bila kupigwa radi. Ayubu anapotumia maneno hayohayo, nadhani mshairi alitaka tumwone amesimama pale alipowahi kusimama Abrahamu.

Kwa hiyo wewe ungeutafsirije?

"Kwa hiyo naiondoa daawa yangu, nami nimefarijika, mimi niliye mavumbi na majivu."

Siungi mkono wale wanaosoma kauli hii kuwa ya dhihaka, kana kwamba Ayubu anamkejeli Mungu na kuwaonea huruma wanadamu. Mstari uliotangulia hauruhusu: "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona." Huo si mdomo wa mtu anayekejeli. Kiunganishi *al ken*, "kwa hiyo", kinaufunga mstari wa 6 kwenye kule kuona. Chochote ambacho Ayubu anakifanya, anakifanya kwa sababu ameona.

Gustavo Gutiérrez, padri wa Peru aliyeishi na maskini wa Lima, alisoma tofauti kidogo: Ayubu anaghairi *juu ya* mavumbi na majivu, yaani anaachana na ule mkao wa maombolezo. Sarufi inamruhusu, na ule mfano wa "kughairi" unamuunga mkono. Nikiwa na wanafunzi wengi darasani huwapa usomaji wake na wangu, na mara nyingi wengi huchagua wake.

Je, Biblia zetu za Kiswahili zimekosea?

Hapana. Zimechagua. Kila mfasiri wa mstari huu analazimika kuchagua, kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi kimoja chenye kughairi na kufarijika ndani yake, na hakipendi "nakataa" isiyo na kinachokataliwa. Kuchagua "kutubu" kuna historia ndefu nyuma yake. Ila msomaji ana haki ya kujua kwamba pale palikuwa na njia panda.

Watu wa kale waliuelewaje?

Kwa namna nyingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1956, katika Pango la 11 huko Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, ilipatikana tafsiri ya Ayubu katika Kiaramu, mojawapo ya tafsiri za kale kabisa za kitabu hiki. Hapo mstari wetu hauna toba kabisa: Ayubu anasema anamiminika na kuyeyuka, na anakuwa mavumbi na majivu. Mfasiri yule alisoma *em'as* kama kitenzi kingine kinachofanana nacho, cha kuyeyuka, kile ambacho wengi hukiona pia katika 7:5. Kigiriki cha kale nacho kina kuyeyuka ndani yake, pamoja na kujidharau: nimejidharau, nimeyeyuka, najihesabu kuwa udongo na majivu.

Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walioweka alama za irabu na za usomaji, waliweka kituo kikubwa cha mstari baada ya *wenihamti*. Yaani vitenzi viwili vinakaa pamoja upande mmoja, na "juu ya mavumbi na majivu" upande wa pili. Nakala kongwe kamili ya Biblia ya Kiebrania tuliyo nayo, iliyoandikwa mwaka 1008 na iliyoko Saint Petersburg, inausoma hivyo.

Halafu kuna Musa bin Maimuni, mwanafalsafa na tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Fustat karibu na Kairo na kufariki mwaka 1204. Aliandika kwa Kiarabu. Yeye anasema maana ya Ayubu ni: nayakataa yote niliyokuwa nikiyatamani, mali na afya na watoto, na ninaghairi kule kuwa kwangu katika mavumbi na majivu. Ufafanuzi huu si wa mtu aliyekaa pembeni akitazama mateso ya wengine. Mdogo wake, Daudi, mfanyabiashara aliyekuwa akiilisha familia nzima, alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, akiwa safarini na mali yake na ya watu wengine. Musa aliandika baadaye kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa ugonjwa wa huzuni.

Je, Ayubu hakuwa na kosa hata kidogo?

Alikuwa nalo, na analitaja mwenyewe katika 42:3: alisema mambo asiyoyafahamu, ya ajabu mno kwake. Mungu alimkemea kwa hilo katika 38:2, na katika 40:8 alimuuliza kama atamtia Mungu hatiani ili yeye apate haki. Ayubu alidhani mmoja wao lazima awe mkosaji: kama mimi sina hatia, basi Mungu ana hatia. Kwenye dhana hiyo marafiki na Ayubu walikuwa mezani pamoja, wakigombania tu nani akae kiti cha mshitakiwa.

Lakini kukosea katika kufikiri si dhambi iliyoleta majipu na kuua watoto. Walimu wa Talmudi, ule mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, waligombana sana juu ya Ayubu. Rav alisema mavumbi yajae kinywani mwake kwa maneno aliyoyanena. Hata hivyo, katika mjadala huohuo, ulio katika sehemu ya Talmudi iitwayo Bava Batra, Rava, mwalimu mwingine, anatoa kanuni ambayo ningependa kila mhubiri aikariri: mtu hashikwi kwa maneno aliyoyasema saa ya uchungu wake.

Basi haki ya Mungu iko wapi? Katika sura ya 38 hadi 41 hajibu swali.

Hajibu swali la "kwa nini mimi", ni kweli. Hata neno la mshitaki wa mbinguni halitajwi tena. Badala yake kuna mvua inayonyesha jangwani pasipo na mtu (38:26), mbuzi wa majabali wakizaa, punda-mwitu anayeucheka mji, mbuni anayeyaacha mayai mchangani, makinda ya tai yanayofyonza damu. Kisha Behemothi na Lewiathani, viumbe wawili wa kutisha.

Zamani nilizisoma sura hizi kama mtu mkubwa anayemfokea mdogo. Nilibadilika nilipogundua kwamba karibu kila kinachotajwa hakina faida yoyote kwa binadamu. Mvua inanyeshea ardhi isiyolimwa na mtu. Mungu anamwonyesha Ayubu ulimwengu ambao haukujengwa kama mizani ya kupimia wema wa watu. Ni ulimwengu unaopendwa na Mungu, wenye mipaka (bahari imewekewa mlango na makomeo, 38:8–11), wenye vitisho ndani yake visivyofugika. Kama ulimwengu si mizani, basi jipu si hukumu. Kwa mtu aliyeketi majivuni akiambiwa na kila mtu kwamba ngozi yake ni ushahidi dhidi yake, habari hiyo ni kufunguliwa minyororo.

Haijibu kila kitu. Mama aliyepoteza mtoto anaweza kusoma sura zote nne na bado akauliza kwa nini. Kitabu hakimkatazi.

Na hekima inahusikaje?

Musa bin Maimuni aligundua jambo dogo kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kitabu. Ayubu anaitwa mkamilifu, mwelekevu, mcha Mungu, mwenye kuepukana na uovu. Haitwi mwenye hekima. Sura ya 28 inaiimba hekima: wachimba madini wanashuka hadi mizizi ya milima wakatoa fedha na yakuti, lakini hekima haionekani katika nchi ya walio hai, na Mungu ndiye aijuaye njia yake. Kati ya "nilisikia kwa masikio" na "jicho langu linakuona" kuna safari kutoka kwenye wema hadi kwenye hekima, na njia yake ilipita majivuni. Sisemi kwamba Mungu alimtesa ili amfundishe. Hayo ni maneno ya Elifazi (5:17) na ya Elihu, yule kijana anayenena baada ya marafiki watatu kunyamaza, na kitabu hakiyathibitishi.

Waislamu nao wana Ayubu. Ni yuleyule?

Ndiye. Kurani inamtaja Nabii Ayubu katika sura ya 21, aya 83–84, na sura ya 38, aya 41–44, ambako Mwenyezi Mungu anasema alimkuta ni mwenye subira, mja mwema. Pwani yetu ina utenzi wa kale wa Ayubu uliojengwa juu ya mapokeo hayo. Subira ndiyo sura yake inayojulikana kwetu sote, na Yakobo 5:11 nayo inamsifu kwa hiyo. Ila anayetoka kwenye subira hiyo akaingia moja kwa moja katika sura ya 3 ya kitabu cha Kiebrania, ambamo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, hushtuka. Mkao wake wa subira umebeba ukelele ndani yake.

Kwa nini alirudishiwa mara mbili? Hiyo si ndiyo hoja ya marafiki?

Hesabu kwa makini. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000, jozi 500 za ng'ombe zinakuwa 1,000, na punda vivyo hivyo. Sasa tazama Kutoka 22:4: mwizi akikamatwa na mnyama aliyemwiba akiwa hai, hulipa mara mbili. Wasomaji kadhaa wameliona hilo na kutulia kidogo. Malipo ya mara mbili ni lugha ya aliyechukuliwa kitu kisivyo haki.

Watoto hawazidishwi. Walikuwa wavulana saba na mabinti watatu, na wanaozaliwa baadaye ni saba na watatu. Mwandishi alijua mtoto halipwi. Mabinti wapya wanatajwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na Ayubu anawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, jambo ambalo halikuwa desturi. Nadhani mtu aliyewahi kunyang'anywa kila kitu huanza kugawa kwa namna nyingine.

Je, nisome 42:6 msibani?

Naomba usisome. Kwetu mstari wa Ayubu unaosikika makaburini ni 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", na huo una nafasi yake, ingawa Ayubu aliusema mwenyewe, hakuna aliyemsemea. Niliwahi kukaa kwenye msiba wa kijana mdogo, mhubiri akasimama kumwambia mama yake kwamba hata Ayubu mwishowe alitubu, naye ajichunguze. Yule mama aliinamisha kichwa. Sijasahau shingo yake.

Wayahudi walichukua sehemu ya desturi yao ya matanga kutoka kitabu hiki, lakini waliichukua sura ya 2, mahali ambapo marafiki walikaa chini pamoja na Ayubu siku saba mchana na usiku bila mtu kumwambia neno. Talmudi, katika Moed Katan, inasimulia kwamba Rabi Yohanan alitoa kanuni hapo: mfariji haruhusiwi kusema lolote mpaka mfiwa mwenyewe afungue kinywa. Ushahidi wake ni kwamba kwanza "Ayubu akafunua kinywa chake" (3:1), ndipo Elifazi akajibu (4:1).

Na wanapoondoka kwenye nyumba ya msiba, wengi wao humwambia mfiwa sentensi moja inayoanza *HaMakom yenahem*: Mungu akufariji, pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu. *Yenahem* ni shina lilelile la *wenihamti*.